Taa Ikizimwa, Nani Kadanganywa?

Kwenye dashibodi ya gari kuna taa ndogo yenye picha ya mtu ameketi, na mbele ya kifua chake kuna duara kama mpira. Dereva akizungusha ufunguo, taa hiyo inawaka sekunde chache halafu inazimika yenyewe. Wengi wetu hatujawahi kuitazama. Umepanda Probox mko wanane, gunia la mchele liko magotini, mtoto wa jirani yuko juu ya gunia, nani ataangalia taa? Lakini taa ile inasema neno. Kwa kuzimika inasema: nimejikagua, mfuko wa hewa upo, mkigonga nitafunguka.

Swali langu ni hili. Mtu akiifanya taa hiyo izimike, na huku nyuma yake hakuna kitu, amemkosea nani? Na kama alifanya hivyo ju hana pesa, je, kosa linapungua?

Najua kuna atakayesema haya ni maswali ya watu wenye magari, sisi tunatafuta unga. Subiri kidogo. Mwenye gari anaweza kukagua gari lake. Anayekaa ndani ya gari la mwenzake ndiye asiyeweza. Mama anayetolewa Kavumu usiku kupelekwa hospitali, mfanyakazi wa shirika aliyekodishiwa teksi kwenda Bwagiriza, kijana aliyewahi nafasi ya mbele ili aone njia: wote hao wanakaa mbele ya kifuniko ambacho hawakukifunga wao. Swali hili linawahusu wao kuliko tajiri.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Bujumbura. Wengine ni wenyeji, wengine tulivuka Rusizi na wazazi wetu kwa nyakati tofauti. Baadhi yao tunawapeleka kujifunza ufundi Buyenzi. Asiyeijua Buyenzi nimwambie: ni mtaa ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani, barabara zake zina namba badala ya majina, na gari linaloingia likivutwa kwa kamba linatoka likipiga honi. Garaji nyingi hazina jengo. Ni ukingo wa barabara, au uwanja wa nyumba ya fundi mwenyewe, chini ya mwembe, kuku wanapita kati ya miguu, na mke wa fundi anaomba msogeze injini aanike nguo.

Mmoja wa vijana hao, ana miaka 19, alituletea jambo kwenye kikao cha Jumamosi. Nyumbani kwa bos wake imeletwa Toyota Corolla iliyogonga mti. Erbegi zote mbili za mbele zimefunguka, zinaning'inia kama foronya. (Nitasema erbegi kama mafundi wanavyosema, "mfuko wa hewa" ni neno la kitabuni.) Mwenye gari ana deni, anataka kuliuza haraka. Pesa aliyoleta inatosha bampa, taa na rangi. Ya erbegi hakuna. Basi bos akatoa njia ambayo mafundi wengi wanaijua: kata mfuko, rudisha kifuniko kwa gundi, paka rangi ili ufa usionekane, halafu kwenye waya wa erbegi funga kirezista kidogo, kama vile vya kwenye redio mbovu, ili kompyuta ya gari ifikiri erbegi ipo. Taa inazimika. Kazi ya nusu siku.

Kijana akauliza: "Kama mimi nashika gundi tu, dhambi ni ya nani?"

Tulicheka. Kisha tukaacha kucheka, na maneno yale yakatuchukua Jumamosi tatu.

Kwanza ilibidi tuelewe kitu chenyewe. Gari likigonga kwa nguvu, vihisi vinapeleka habari kwenye kompyuta ndogo, kompyuta inapeleka umeme kwenye kiwashio, kiwashio kinachoma dawa iliyofungwa ndani ya kopo la chuma, dawa inageuka gesi, mfuko unajaa. Gawanya sekunde moja mara 1,000: mambo hayo yote yanachukua kama vipande 30 tu. Kupepesa jicho kunachukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ile kitu si puto. Ni baruti ndogo iliyowekwa uso kwa uso na mtu, kwa nia njema. Ndiyo maana vitabu vya kampuni vinaandika kwa kutisha. Toa waya wa betri kwanza, halafu ngoja. Toyota wanasema sekunde 90, kwa sababu kompyuta inabakiza umeme wake wa kufyatulia hata betri ikishatolewa. Usipime erbegi kwa tesita ya kawaida. Ukiibeba, uso wake uangalie mbali na mwili wako. Ukiiweka mezani, uso uangalie juu.

Na baada ya ajali haubadilishwi mfuko peke yake. Mikanda ya magari mengi ina baruti yake ya kuikaza, nayo imeshatumika. Kompyuta imeandika ajali ndani yake. Chini ya usukani kuna utepe wa waya unaojikunja, huo nao lazima uangaliwe. Ukisema ununue vyote vipya, kwa dola tunazozitafuta hapa kwa tochi, mwenye gari anakuuliza kama unataka kumuuzia gari lingine. Hapo simlaumu.

Lakini kilichonikaa kichwani kuliko baruti ni jambo hili: kazi hii haijaribiwi. Fundi akibadilisha breki anazunguka avenyu mbili, anakanyaga, anajua. Akirekebisha honi anaibonyeza, mtaa mzima unajua. Erbegi huwezi kuijaribu bila kuimaliza. Iliyofungwa vizuri na iliyobandikwa gundi zinafanana kwa macho na kwa mkono, miaka na miaka. Mteja haoni tofauti. Hata fundi mwaminifu haoni mwisho wa kazi yake. Jaribio ni moja, na linafanywa kwa uso wa mtu.

Mwalimu wetu wa filozofia mwaka wa mwisho alitusimulia hadithi iliyo katika Jamhuri ya Plato, ile inayoitwa pete ya Gyges. Mchungaji anaokota pete. Akiigeuza kidoleni, watu hawamwoni. Swali linaloulizwa pale ni kwamba, ukiwa na pete kama hiyo, utaendelea kuwa mwema kwa sababu gani? Darasani niliona ni hadithi ya watoto. Sasa naona kwamba kifuniko cha erbegi kinafanya kazi ya ile pete. Ukishakifunga, wewe fundi huonekani tena. Gari litauzwa, litauzwa tena, litakwenda Gitega, litakwenda Ngozi, na siku litakapogonga hakuna atakayeuliza habari za uwanja wenye mwembe.

Jumamosi ya pili kijana alikuja na bos wake. Hatukumtegemea. Ni mtu mzima, sote tunamwita Mzee. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaomba neno, na hoja zake zilikuwa na nguvu kuliko zetu.

"Wanangu," akasema, "mimi nilijifunza kazi kwenye Peugeot 504. Ilikuwa na erbegi? Haikuwa nayo. Baba zenu waliipanda, mama zenu waliipanda kwenda kujifungua. Kuna aliyesema Peugeot ni mwongo? Sasa mimi nikiifanya Corolla iwe kama 504, kosa liko wapi?"

Tulinyamaza. Halafu msichana mmoja anayejifunza kushona, wala hana habari za magari, akamjibu kwa adabu: "Mzee, 504 haikusema inayo."

Kwangu mimi jibu liko hapo, mengine yote ni kulieleza. Kukosa kitu ni jambo moja, kukificha kwamba hakipo ni jambo lingine. Mtu anayejua gari halina erbegi anafanya mambo. Anafunga mkanda hata kwa safari ya kwenda sokoni. Anasogeza kiti nyuma. Anamweka mtoto nyuma (na mtoto mdogo akae nyuma hata kama erbegi ipo, maana nguvu ile inayomwokoa mtu mzima inaweza kumuua mtoto aliyepakatwa mbele). Anamwambia dereva apunguze mwendo, anateremka, anangoja gari lingine, au analinunua hilohilo kwa bei ya chini kwa hiari yake. Taa ikizimwa kwa ujanja, yote hayo ananyang'anywa. Kant, ambaye tulimsoma kwa haraka kabla ya mtihani, anafundisha kwamba ukimdanganya mtu unamtumia kama chombo, kwa sababu hawezi kukubali jambo ambalo hajaambiwa. Wakati wa mtihani niliandika hivyo ili nipate maksi. Hapa naona maana yake: abiria yule hakukubali kukaa mbele ya kifuniko kitupu. Hakuulizwa.

Mzee akatoa nyingine. "Mnunuzi hakuniuliza." Hii mnaijua, inasikika katika soko lolote. Lakini mtu anauliza kile anachokishuku. Taa iliwekwa pale ili imjibu kabla hajauliza. Ukishamziba shahidi mdomo, usiseme mlalamikaji hakuja.

Halafu: "Mimi siuzi gari. Anayeuza ndiye aseme." Na mwenye gari naye, tukimwuliza, atasema fundi ndiye anayejua mambo ya nyaya. Dalali atasema yeye ni mdomo tu. Kijana anasema ameshika gundi. Kila mmoja ana kipande kidogo mno cha uongo, hata hakimlemei mkononi. Nadhani sisi tuliozoea foleni ya mgao tuna hatari ya pekee hapa. Tunajua kugawa: gunia moja, watu watano, kila mmoja anapata kidogo. Tunadhani lawama nayo inagawanyika hivyo. Watu sita wakibeba jeneza, hakuna hata mmoja aliyezika sehemu ya sita ya maiti. Hata hivyo siwaweki wote mahali pamoja. Anayetoa amri na kupokea pesa ana deni kubwa kuliko kijana anayetumwa gundi, maana kijana akikataa kesho hana pa kwenda. Nilimjibu hivyo: dhambi yako ipo, ila ni ndogo kuliko ya bos, na bos yuko hapa anasikia. Mzee alitikisa kichwa akacheka kidogo.

Kuna jambo moja la Burundi ambalo wageni wanalishangaa na sisi tumelizoea. Hapa tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kama Kongo, kama Rwanda. Lakini magari mengi ni ya Japani, usukani uko kulia, yalitengenezwa kwa barabara za kushoto. Maana yake dereva anakaa upande wa majani, na abiria wa mbele anakaa katikati ya barabara, upande wa magari yanayokuja. Kwenye milima ya Bugarama dereva akitaka kulipita lori hawezi kuona mbele. Anamwuliza abiria: "Njia iko?" Abiria anachungulia, anasema iko, au anasema ngoja, kuna Fuso inashuka. Mgeni kabisa, mmekutana stendi, anakuazima macho yake. Na yakitokea ya kutokea, magari yakikutana uso kwa pembe, upande wake ndio unaofikiwa kwanza. Erbegi iliyoliwa na gundi mara nyingi ni ile ya abiria, ju kifuniko chake ni kipana na hakina honi. Yaani tunamficha hasa yule anayetuonyesha njia. Nilipolisema hili kikaoni, Mzee hakutoa hoja nyingine kwa muda.

Sasa umaskini. Hapa lazima twende taratibu, maana watu wengi wema wanateleza hapa. Magari tunayopata ni yale ambayo wengine wamemaliza nayo. Ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilisema kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yalitoka Ulaya, Japani na Marekani kwenda nchi nyingine, na Afrika ilipokea asilimia 40. Na Afrika ndiyo yenye vifo vingi zaidi vya barabarani ukilinganisha na idadi ya watu. Hilo Shirika la Afya Duniani limelisema mara nyingi. Huko Marekani wamehesabu kwamba erbegi za mbele ziliokoa zaidi ya watu 50,000 kati ya 1987 na 2017. Kwa hiyo kuna dhuluma kubwa kabla fundi wa Buyenzi hajashika bisibisi, na sitaki kuandika kana kwamba yote yanaanzia kwake.

Lakini tazama hesabu ya lile gari. Umaskini unaweza kumlazimisha mtu akae bila erbegi. Kirezista je? Gundi, rangi ya kufunika ufa, nusu siku ya kazi, hivyo vinalipiwa. Kuacha taa iwake ni bure. Kwa hiyo aliyelipa hakulipa kwa sababu hana. Alilipa ili hasara isionekane kwake. Akisema ukweli, gari linashuka bei na deni linabaki, nami najua deni ni nini. Akificha, hasara haipotei. Inahama kutoka mfukoni mwake inakwenda kwenye kifua cha mtu asiyemjua, na kwa nchi hii mtu huyo mara nyingi ni maskini kuliko yeye, maana ni abiria. Maskini kumbebesha maskini zaidi mzigo wake bila kumwambia, hapo neno "umaskini" haliwezi kutusaidia.

Wala si tabia ya mafundi wa uwanjani peke yao. Takata ya Japani ilikuwa kati ya watengenezaji wakubwa wa erbegi duniani. Dawa yake ya kutoa gesi, ikikaa miaka kwenye joto na unyevu, iliharibika, na siku ya ajali kopo la chuma lilipasuka likarusha vipande kwenye uso na shingo ya mtu. Honda ilianza kuyaita magari yarudishwe mwaka 2008. Baadaye Toyota, Nissan, Mazda na wengine, mpaka ikafika erbegi kama milioni 100 duniani, idadi ambayo haijawahi kuonekana katika magari. Mwaka 2017 Takata ilikiri kosa mahakamani Marekani: ilikuwa imewapa kampuni za magari matokeo ya majaribio yaliyogeuzwa. Ilikubali kulipa dola bilioni 1, na mwaka huohuo ikafilisika. Watu wenye digrii, koti jeupe na maabara, wamefanya kazi ya gundi. Na wao walikuwa na pete ileile: kazi ambayo mteja hawezi kuijaribu.

Nilimweleza Mzee habari hiyo nikidhani itamfundisha. Akasema: "Basi mnataka sisi wa uwanjani tuwe wasafi kuliko Wajapani?" Ndiyo, Mzee, nilimwambia, kwa sababu abiria wetu hana mahakama ya dola bilioni.

Habari ya Takata inaharibu pia njia ya katikati ambayo wengi wetu tulikuwa tunaipenda: kununua erbegi ya okazioni kutoka gari lililokufa. Mimi bado naona njia hiyo ni halali, kama gari ni la aina moja, kama namba za kifaa zimelinganishwa, kama aliyefunga anajua kazi na anasema wazi kwamba ni ya okazioni. Lakini ujue unachokinunua. Gari liliporudishwa Japani, barua ilitumwa kwa mwenye gari wa kule. Gari likauzwa, likapanda meli, likateremka Dar es Salaam, likafika hapa. Barua haikuvuka bahari. Bujumbura iko kando ya Tanganyika, joto na unyevu hatuhitaji kuelezwa. Namba ya chasi inaweza kuulizwa kwenye tovuti za kampuni nyingi. Kijana mwenye simu anafanya hivyo kwa dakika tano. Na ile mipya ya bei ya chini isiyo na asili inayojulikana ni hatari kuliko zote: mwaka 2024 serikali ya Marekani iliwatahadharisha watu baada ya watatu kuuawa na erbegi za aina hiyo walizofungiwa baada ya ajali. Kitupu kinachojulikana ni kitupu ni bora kuliko hicho.

Wenyeji wetu Warundi wana neno ubushingantahe. Mushingantahe ni mtu ambaye jamii imemsimika hadharani awe mpatanishi na msema kweli. Fimbo yake inaitwa intahe. Nilimpelekea mzee mmoja wa mtaa ninaoishi kesi yetu, nikamwuliza wangeihukumu vipi. Alifikiri, akasema kesi inataka watu wawili, na hapa tuna mmoja. Yule wa pili bado hajui kwamba ana kesi. Kwa hiyo, akasema, lazima mmoja wenu asimame upande wake kabla hajafika. Nimelichukua neno hilo zaidi ya yale ya Kant.

Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma, msiwacheke mafundi. Katika ukumbi mmoja ambao vijana wetu walikutania kwa muda, kulikuwa na kizimamoto ukutani, chekundu, kizuri, chenye nembo. Mshale wake ulikuwa umelala kwenye sifuri. Karatasi ya ukaguzi ilikuwa imetiwa saini mwezi ule. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Fomu ilikuwa na kisanduku, mtu akakijaza. Nauliza tu kama kisanduku kile na kirezista vina tofauti gani kwa mtoto aliyelala humo siku ya moto.

Ile Corolla iliishaje? Jumamosi ya tatu tulikubaliana, na Mzee alikubali kwa shingo upande: kifuniko kirudishwe kwa usafi, maana tundu lenye nyaya halifai, lakini bila kirezista. Taa ibaki inawaka. Kwenye karatasi ya kazi iandikwe kwamba erbegi hazipo, na mikanda ya mbele imeshatumika. Mwenye gari aliposoma karatasi alikasirika, akalivuta gari lake akalipeleka uwanja mwingine, avenyu chache mbele. Kijana wetu alikosa malipo ya siku mbili. Siku mbili kwao ni chakula cha watu sita. Tulichanga kikundini, haikufika nusu.

Kwa hiyo sitaki mtu aniambie ukweli ni bure. Kwa mwenye gari ulikuwa bure, akaukataa. Kwa kijana ulikuwa na bei, akailipa. Mimi niliyesema maneno mengi kikaoni sikulipa zaidi ya mchango. Jambo hili linanisumbua, na sioni jibu lake katika kitabu. Kidogo ninachoona ni kwamba anayedai uaminifu kutoka kwa fundi lazima awe tayari kulipa bei ya fundi mwaminifu. Sisi abiria na wateja tunabishana mpaka franka ya mwisho, halafu tunashangaa gundi.

Tangu siku ile Mzee anaandika daftari. Namba ya gari, kilichofanyika, kisichofanyika, saini ya mteja. Anasema analiandika ili apate kujitetea, hana mambo ya filozofia. Sawa. Kuna mistari kadhaa yenye "erbegi hakuna, mteja kaambiwa", na wateja waliosaini wamelipa na kuondoka bila ugomvi, jambo ambalo hata yeye limemshangaza.

Kwa wanaopanda: dereva akiwasha gari, angalia ile taa. Ikiwaka na kuzimika, vizuri, ingawa mmeshajua kwamba hata hiyo inaweza kudanganya. Ikibaki inawaka, mfumo una tatizo. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameing'oa. Uliza kwa sauti, wengine wasikie. Vuta mkanda uone kama unashika, kisha ufunge, maana erbegi imetengenezwa isaidiane na mkanda.

Na kwa miradi inayotoa vifaa kwa wanaojifunza ufundi: spana tunazo, ovaroli zenye nembo tunazo mpaka tunapangusia mafuta. Tunachokosa ni skana, ile inayosoma mpaka kompyuta ya erbegi na si ya injini peke yake, itumike na garaji tano au sita kwa zamu. Hiyo mara nyingi inaonyesha ajali iliyoandikwa ndani hata kama dashibodi inang'aa. Pamoja nayo, madaftari ya risiti ya Kiswahili na Kirundi. Kikao chetu ni Jumamosi saa nane mchana. Mzee naye huja, na bado anabishana.